Umepata karatasi ya rezo: sasa kontra iko wapi?

Siku ya Mungu moja, kisha misa, mwenzangu wa zamani alifika kwangu hapa Kolwezi pamoja na binti yake. Yeye ni mukubwa wangu kwa umri, ninamuitaka Yaya. Tulitumika pamoja miaka kumi na moja ku atelie ya umeme, yeye ku mota, mimi ku kable. Mwaka huu kampani ilipunguza watu, na yeye akatoka. Mufukoni alikuwa na bahasha ya dekonti yake. Binti naye alikuwa na bahasha: ndani mulikuwa CCNA, ile karatasi ya Cisco, aliyoipata kisha kusoma mambo ya rezo za ordinatere miezi tisa kule Lubumbashi.

Yaya akasema: "Delege, hii feza njo ya mwisho. Nikiikosea, hakuna ingine. Uniambie kweli: mutoto aende ku univerisite miaka tano, ao nimutafutie mulango wa kuingia ku kampani?"

Binti akaongeza, macho chini: "Papa Delege, kuko sutretan moja ananiita. Anasema nianze kesho. Lakini kontra hapana."

Sikujibu mara moja. Watu wanafikiri delege wa sendika ana jibu kwa kila kitu. Ukweli ni kwamba swali hili nilikwisha kulijibu mara moja, na nililijibu vibaya. Ninaandika hapa juu vijana wengi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanamaliza masomo ya rezo, na wazazi wao wanabeba bahasha kama ile ya Yaya. Nisingependa mutu mwingine alipie kosa langu.

Neno nililomuambia kijana

Miaka sita imepita tangu kijana mumoja wa kartie yetu aje kuniuliza. Alikuwa na CCNA mupya. Nikamuambia neno ambalo sisi wote tunasemaka: "Ingia kwanza. Ukisha kuwa ndani, mengine yatakuja."

Aliingia. Sutretan mumoja alimukamata kama jurnalie, analipwa kwa siku. Kazi yake ilikuwa kuchimba mufereji, kuvuta kable, kupanda juu ya paa kufunga kamera. Swichi na ruta zilipofika, zilikuwa zimekwisha kutayarishwa na mutu mwingine, fasi ingine, na modepasi hakupewa. Yeye alichomeka tu. Kila kisha miezi michache jina la kampani mugongoni mwa jile lilibadilika, mukubwa akabaki yule yule, na hesabu ya siku zake ikaanza tena kwa sifuri.

Kisha miaka tatu, kampani yenyewe ikatafuta tekinisia wa rezo. Kijana akapeleka mukanda. Wakamuuliza vitu viwili. Cha kwanza: CCNA yako iko hai? CCNA inaishi miaka tatu tu tangu siku ya kupita mutihani, na yake ilikuwa imekufa miezi mbili mbele. Cha pili: atestasio ya kazi inasema nini? Karatasi ya sutretan ilisema neno moja: "manevri".

Miaka tatu ya kutumika ndani ya rezo, na kwa karatasi yeye ni mubeba mizigo. Hakukosa akili, hakukosa bidii. Alikosa mushauri muzuri, na mushauri alikuwa mimi.

Tangu siku ile nilielewa kwamba swali la "masomo ao kazi?" halitoshi. Maswali ni haya mawili. Hatua unayotaka kupiga, itakufundisha kitu kipya mu ufundi wako? Na nani atakiandika kitu hicho kwa jina lako? Hatua ambayo haina jibu kwa maswali haya, iwe ya univerisite, iwe ya kampani, itakula miaka yako bure.

Karatasi yenyewe ina uzito gani

Tusidharau hii karatasi. Mutihani wa CCNA ni dakika 120, sisi tunaufanya kwa Kiingereza, na bei yake ni dolari 300 za Marekani. Mutoto wa Kolwezi aliyesoma kwa Kifaransa akiupita, amefanya kazi ya watu wawili. Anajua kugawa anwani za mashini, kupanga swichi na ruta, kutenganisha rezo moja iwe nyingi ili watu wa feza wasiingiliane na watu wa kamera.

Lakini CCNA ni mwanzo. Hauombwi karatasi ingine mbele ya kuifanya. Juu yake kuko CCNP, ambayo ina mitihani mbili: mumoja wa dolari 400, mwingine wa dolari 300. Na yenyewe vilevile inaishi miaka tatu. Hapa niwape vijana hesabu moja ambayo ingemusaidia yule wa kartie yetu. Ukipita mutihani wa juu, karatasi ya chini inarudishiwa uhai. Kwa hiyo mwaka wa tatu usilipe dolari 300 kurudia kile unachojua. Anza kujitayarisha mwaka wa pili, ongeza dolari 100, ufanye mutihani wa kwanza wa CCNP. Utaokoa karatasi ya zamani na utakuwa umepanda ngazi. Kwa kujizoeza huhitaji mashini za bei kali: kuko programu Packet Tracer, Cisco yenyewe inaitoa bure, na inatosha kwa kuanza ku ordinatere ya nyumbani.

Kwa upande wa univerisite, mambo yalibadilika na wazazi wengi bado wanahesabu kwa mutindo wa zamani: gradua miaka tatu, kisha lisansi miaka mbili. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 inchi yetu ilienea mufumo wa LMD: lisansi ni miaka tatu, masta ni miaka mbili juu yake. Jina "lisansi" limebaki, lakini si ile ya wakati wetu. Mbele ya kulipa minervali, uliza: kisha miaka tatu mutoto atatoka na jina gani, na makampani ya hapa yanaliweka ku kiwango gani? Lubumbashi kuko nyumba za kweli za kusoma, kama UNILU, ISS na ESIS Salama. Mi siko adui wao. Nitarudilia jambo hili, juu lina ukweli unaonihusu mimi mwenyewe.

Kazi iko wapi kwa kweli

Watu wanafikiri mugodi ni koleo na mabene. Ingia leo ku karyeri kubwa: bene zina anteni juu ya kabini. Mu chumba cha dispachi mutu anaona ku ekrani bene gani imejaa, gani inangoja, gani imesimama. Karyeri inasogea kila mara wanapopasua mawe, kwa hiyo nguzo za anteni ziko juu ya trela zenye sahani za jua, zinahamishwa, na mutu wa rezo anazifuata. Chini ya ardhi, na sisi tunayo migodi ya namna hiyo Kamoto, Kakula na Kipushi, radio haipiti mawe. Lazima kupitisha kable na fibre mu njia za chini, na kuzilinda na mashini zinazopita usiku na muchana. Ku kiwanda, kazi ya kusaga mawe, pompe na matanki ya asidi inaongozwa na automati, zile sanduku za akili ambazo zinasemezana kwa rezo.

Ongeza mabanki yenye matawi mu kila mji. Ongeza makampani ya simu na nguzo zao, hospitali, mahoteli, masomo, biro za Leta. Kazi ya rezo haikosi. Kinachokosa ni kazi ya rezo yenye kontra.

Sasa sikilizeni neno ambalo miaka yangu ishirini na mbili ya umeme ilinifundisha. Rezo ikikufa hapa kwetu, mara nyingi kosa haliko ndani ya programu. Kuran imekatika na batri ya ondilere ilishachoka. Vumbi limejaa ndani ya swichi. Radi imepiga nguzo isiyo na waya wa udongo, ikafuata kable mpaka ku biro. Panya amekula fibre. Mutu wa rezo asiyejua umeme anasimama pale anangoja mutu wa umeme. Mutu wa umeme asiyejua rezo anapima kuran, anasema iko, anaenda zake. Mashini inabaki imesimama. Yule anayejua vyote viwili njo anayetafutwa, na yule anayetafutwa njo anaweza kusema bei yake.

Ndiyo sababu wazo langu ni hili, na najua wazazi wengine hawatalipenda: kwa mutoto wa miji yetu ya migodi aliyemaliza rezo, hatua ya kwanza isiwe diplome kubwa ya pili. Iwe ufundi wa pili. Umeme wa viwanda, automati, vipimo vya mashini. INPP iko kwa ajili hiyo tangu 1964. Tena waajiri wanalazimishwa na sheria kuilipia INPP kotizasio, yaani ile nyumba inaishi kwa feza inayotoka ku kazi yetu. Tunapita mbele ya mulango wake kila siku na tunaona kama ni ya watu wengine.

Anayependa zaidi ordinatere kuliko kuran ana njia ingine: seva na Linux, ao usalama wa rezo. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inchi yetu ina sheria ya mambo ya numeriki, inayogusa ulinzi wa habari za watu na makosa yanayofanyika kwa intaneti. Mabanki na migodi itahitaji watu wa kulinda. Na mu kiwanda hatari ni kubwa zaidi: kama rezo ya biro na rezo ya automati zimechanganyika, virusi iliyoletwa na flashi ya mutu mumoja inaweza kusimamisha kiwanda kizima, ao kuumiza mutu. Lakini kazi ya usalama haipewi mutu aliyetoka masomo jana. Inapewa mutu aliyekwisha kuona rezo ikikufa mara nyingi. Kwa hiyo hata njia hii inaanza na miaka mbili, tatu, ya kutumika kwa kweli.

Na wote wawili, mutu wa kuran na mutu wa usalama, wajifunze Kiingereza. Vitabu vya mashini, mitihani na mazungumuzo na watu wa Zambia na wa mbali, yote ni Kiingereza. Si kwa kujivuna. Ni chombo kama tesita.

Kufungua kampani yako mwenyewe

Vijana wengine wananiambia: "Papa, sitaki mukubwa. Nitajifungulia sosiete." Vizuri. Sheria No 17/001 ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 inasema kazi ya sutretansi ni ya makampani yenye mutaji wa Wakongomani na yanayoongozwa na Wakongomani. Sheria hiyo hiyo inakataza kupana kwa sutretan zaidi ya 40 kwa mia ya bei yote ya soko. ARSP njo biro ya Leta inayoangalia mambo hayo. Vijana watatu, mumoja wa rezo, mumoja wa umeme, mumoja anayejua hesabu na mikanda, wanaweza kusimama.

Lakini niwaonye kwa mambo mawili. La kwanza: malipo ya makampani makubwa yanachelewa. Kama hamuna akiba ya kula na kulipa watu miezi kazaa bila kuingiza hata franka, musianze na mugodi. Anzeni na maduka, masomo, hospitali ya kartie. Na musijenge maisha yenu juu ya kuuzisha wifi peke yake: mwezi wa tano 2025 ARPTC ilitoa ruhusa kwa Starlink, na mutu anaweza kununua sahani yake akaifunga juu ya nyumba. Yule aliyekuwa anauzisha intaneti tu atalia. Yule anayejua kufunga, kutia waya wa udongo, kugawa rezo ku biro ishirini na kuilinda, ataitwa na hata huyu mwenye Starlink.

La pili linaniuma zaidi. Siku mutakapokuwa wakubwa, musiwafanyie wengine kile mulichofanyiwa. Nimeona vijana waliolia pamoja nasi juu ya kazi bila kontra, kisha wakafungua sosiete, na juma la kwanza wakakamata majurnalie bila karatasi.

Kontra, mbele ya yote

Sasa tufike ku maneno ambayo ni kazi yangu. Vijana wa rezo wanajua anwani ya kila mashini, lakini wengi hawajui sheria ya kazi hata ukurasa mumoja. Sheria hiyo ni No 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, na ilirekebishwa 2016. Kamateni haya:

Muda wa kujaribiwa hauwezi kupita mwezi mumoja kwa manevri asiye na ufundi, na miezi sita kwa watumikaji wengine. Mukubwa anayekuambia "uko bado ku ese" kisha mwaka muzima, anakudanganya.

Kontra yenye mwisho lazima iandikwe. Isipoandikwa, sheria inaihesabu kuwa kontra isiyo na mwisho. Haiwezi kupita miaka mbili, na mwajiri yule yule hawezi kukufanyisha zaidi ya mbili ya namna hiyo, isipokuwa kwa kazi za musimu na nyingine zilizotajwa na sheria.

Jurnalie aliyetumika siku 22 ndani ya miezi mbili, akiitwa tena mbele ya miezi hiyo kuisha, kontra yake mupya inahesabika kuwa isiyo na mwisho. Ndiyo maana wengine wanakusimamisha siku ya ishirini na moja. Si bahati mbaya, ni hesabu. Kwa hiyo na wewe hesabu: kuwa na daftari, andika kila siku uliyotumika, fasi gani, kazi gani, mukubwa nani. Piga foto ya pwentaje. Siku ya kufika kwa inspekta wa kazi, daftari hilo litasema zaidi ya machozi.

Na jambo la mwisho, lile lililomuua yule kijana: jina la kazi. Mbele ya kutia saini, soma neno lililoandikwa pale. Kama wewe ni tekinisia wa rezo na karatasi inasema "manevri" ao "ed", omba ibadilishwe. Hata kama mushahara ni mudogo mwanzoni. Mushahara mudogo unaweza kuongezwa mwaka ujao. Jina baya litakufuata mpaka ku mulango wa kampani ingine.

Kwa mabinti niongeze neno. Wengi wanaandikwa kama watu wa rezo, kisha wanawekwa ku resepsio kupokea simu, wanaambiwa "mwanamuke hapandi nguzo". Mukamba wa usalama na kofia havijui mwanamuke ao mwanaume. Mukianza kukubali kiti cha resepsio, miaka tatu itapita, na karatasi yenu itakufa pale pale mukiwa mumekaa vizuri.

"Lakini wenye diplome kubwa njo wanapanda"

Najua mutanijibu hivi, na hamutakosea. Mimi ni A2 wa umeme. Nilifundisha wainjinia wengi wapya kazi, na kisha miezi sita wao wakawa wakubwa wangu. Kila mara nilipoomba kupanda, walinionyesha meza ya viwango: bila diplome ya juu, unafika hapa na unasimama hapa. Nimesimama pale miaka tisa. Kwa hiyo simuambii mutoto wa mutu "univerisite haina maana". Ina maana, na inauma kutokuwa nayo.

Ninachosema ni utaratibu. Familia yenye mushahara wa kudumu inaweza kupeleka mutoto ku lisansi na masta bila kusimama. Afanye hivyo, Mungu awasaidie. Lakini familia yenye dekonti tu, feza inayopungua kila siku ya soko, ikiweka yote ku miaka tano ya masomo, mara nyingi inakwama mwaka wa tatu, mutoto hana masta, baba hana feza, na CCNA imekufa. Heri atumike kwanza, ajitegemee, kisha asome lisansi kwa mushahara wake, hata ikichukua miaka mingi. Na masomo hayo ya pili atayaelewa kwa haraka, juu atakuwa amekwisha kuona kwa macho kile mwalimu anachoandika ku ubao.

Sisi wa sendika tulilala

Siwezi kumaliza kwa kulaumu wasutretan peke yao. Sisi wa sendika tulilala vilevile. Kwa miaka mingi tulihesabu watumikaji wa kweli kuwa wachimbaji, madereva na watu wa kiwanda. Watu wa ordinatere tuliwaona kama watoto wa biro, marafiki wa wakubwa. Na wao walituona kama watu wa kelele. Mukubwa alifurahi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Leo kiwanda kinaweza kusimama juu swichi moja imekufa saa nane ya usiku, na anayeamshwa kuitengeneza ni kijana asiye na kontra, asiye na matibabu, asiyeandikwa ku CNSS. Huyu ni mutumikaji kama mimi. Ninaomba wenzangu madelege wote wa Lualaba na Haut-Katanga mambo matatu. Uchaguzi wa madelege ujao, tuweke ku orodha angalau mutu mumoja wa rezo fasi zipo. Tukikaa ku meza ya konvansio na mwajiri, tuombe siku za masomo na bei ya mitihani ya kurudisha karatasi hai: dolari 300 ni kitu kidogo sana kwa kampani ya shaba, na ni mlima kwa mutumikaji. Na tuombe jina la kazi liandikwe sawasawa kwa watumikaji wa wasutretan wanaotumika ndani ya uwanja wetu.

Kile nilichomuambia Yaya

Siku ile ya Mungu tulichukua karatasi na kalamu. Nikamuambia Yaya agawanye bahasha mara tatu. Fungu kubwa la kula na la nyumba, lisiguswe na mambo ya masomo. Fungu la pili la INPP, masomo ya umeme wa viwanda, na vyombo vya mikono vya binti: koleo ya kable, tesita, viatu vya usalama. Fungu la tatu lilale ku banki kwa jina la binti, kwa mutihani wa CCNP mwaka wa tatu, na kama lisansi itafuata, lianzishe minervali.

Kwa sutretan nilimuambia: "Mama, usikatae, na usikubali. Enda umuulize maneno matatu. Jina la kazi yangu ku kontra ni nani? Nani atanifundisha kupanga mashini, ao nitavuta kable tu? Nitaandikwa CNSS tarehe gani?"

Alienda siku ya pili yake. Mukubwa akacheka, akamuuliza kama yeye ni tekinisia ao ni avoka. Hajamuita tena mpaka leo. Yaya hakulala vizuri usiku ule, na mimi pia sikulala vizuri, sababu kumuambia mutoto wa mwenzako aache kazi inayomungoja si neno jepesi. Sasa binti yuko INPP, na siku mbili kwa juma anafanya staji ku hospitali moja ya hapa, kwa mukanda ulioandikwa: "stajere wa rezo". Hawamulipi, wanamupa tu tiketi ya njia. Lakini modepasi ya swichi anayo, na juma lililopita aligundua peke yake kwamba rezo ya maabara ilikuwa inakufa kila mvua inaponyesha juu sanduku la nje halikuwa na waya wa udongo. Alikuja kunionyesha foto, anacheka.

Na yule kijana wa kwanza? Alirudia mutihani. Dolari 300, mimi nililipa nusu, ilikuwa deni langu. Leo anatumika Likasi kwa kontra, na ku karatasi yake ya mushahara kumeandikwa "tekinisia wa rezo". Alipoteza miaka mine. Ninyi ambao mumetoka kupata karatasi mwaka huu, musipoteze hata mumoja. Mukipewa kontra na hamuielewi, mbele ya kutia saini tafuteni delege wa sendika aliye karibu, aisome pamoja na ninyi. Kusoma kontra hatulipishi.